Jiwe Chini ya Gurudumu

Harufu ya oili inayoungua hunirudisha Mogogosiek popote nilipo. Juzi ilinikuta gereji, nimesimama kando ya gari langu lililopitia mikono ya watu watatu kabla yangu, fundi akinitajia yote yaliyokufa ndani yake. "Sasa tuanze na gani, madam?" akauliza. Nilikuwa nimerudi kuwa mtoto wa miaka tisa, kamba mkononi.

Baba alinunua gari kwa bonasi ya majani chai. Mnajua jinsi bonasi inavyowapanda watu wa kwetu kichwani. Mwezi huo hata mwenye kishamba cha robo ekari hutembea kama meneja. Mama alikuwa mjamzito, na Baba alikuwa ameapa kwamba huyu hatazaliwa barabarani kama mimi. Akaleta kigari cheupe, kikuukuu. Mita ilionyesha kwamba hakijatembea sana, lakini mpira wa pedeli ya klachi ulikuwa umelika hadi chuma kinang'aa. Niliuona siku ile ile nikanyamaza, maana kwetu mtoto hamkosoi mzee mbele ya wageni. Baba alikuwa ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Tena alifanya kosa la majirani zake wote: bonasi nzima aliimaliza kwa kununua, asibakize ya kutunza, na bonasi nyingine ilikuwa mwaka mzima mbele yetu.

Gari likaanza kula. Likala rejeta, likala mkanda, likala na fahali tuliyekuwa tukimnenepesha kwa ajili ya Krismasi. Kila lilipoingia uani tuliacha kuzungumza, tukasikiliza kama kuna mlio mpya. Masika yalipoanza, fundi wa Silibwet alikuja akalala chini yake, akatoka akijipangusa mikono.

"Mzee, stata imekufa. Na breki zimeisha, mpaka ya mkono."

"Niko na pesa ya kitu moja tu," Baba akasema.

"Weka stata!" Mama alidakia kutoka mlango wa jikoni. "Nikishikwa na uchungu, utaniambia nishuke nisukume?"

Baba aligeuka akatazama mteremko ulioanzia langoni. "Weka breki za mguu," akasema. "Ya mkono tutatumia jiwe."

Mama hakumsemesha siku tatu. Mimi nilikuwa upande wa Mama. Shuleni waliniita Sukuma, nami nilimwonea Baba haya kabisa.

Tangu hapo gari lililala langoni, pua ikitazama mteremko, jiwe likiwa mbele ya gurudumu, na jiwe limefungwa kamba. Kuvuta kamba ilikuwa kazi yangu. "Simama kando, Chepkorir. Usisimame mbele hata siku moja," Baba alirudia kila asubuhi, nami nikidhani haniamini. Gari lilizoea kuwaka kwenye miti ya msaipresi, katikati ya mteremko. Chini kulikuwa na daraja jembamba, na baada ya daraja mlima. Likifika darajani bila kuwaka, hapakuwa na mteremko mwingine.

Uchungu ulimshika Mama adhuhuri moja, mvua ikiwa imenyesha siku tatu mfululizo. Jirani yetu Mama Akinyi, ambaye mumewe alifanya kazi kiwandani, ndiye aliyefika kwanza. Alimpapasa tumbo, na uso wake ukabadilika.

"Baba Chepkorir, huyu mtoto anakuja vibaya. Hangoji."

Pikapu pekee ya karibu ilikuwa imeenda mnadani Siongiroi. Wanawake waliokuwa wakichuma chai waliacha vikapu vyao wakaja kusukuma. Mama alilazwa kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa Mama Akinyi, akiuma leso. Alinitazama kupitia dirishani. Nikaishika kamba kwa mikono miwili.

"Vuta!" Baba alipaza sauti kutoka kwenye usukani.

Nikavuta. Jiwe lilikuwa limezama matopeni. Nikavuta tena kwa uzito wangu wote, likang'oka, nikaanguka chali. Gari likateremka, wanawake wakilisukuma na kuteleza, kisha likawaacha. Likapita miti ya msaipresi, kimya. Niliomba kwa Kikipsigis, nikaomba na kwa Kiswahili, nisije nikakosea lugha ya kumwambia Mungu. Karibu na daraja likakohoa, likatoa moshi wa buluu, likanguruma. Vigelegele vikapigwa.

Kisha taa moja nyekundu ikawaka nyuma na gari likasimama ghafla, nusu yake imefichwa na kona.

Limezima, nikajua. Nikakimbia na kamba yangu, nikimtukana Baba kwa sauti, maneno ambayo siku nyingine yangeniletea kiboko. Kabla sijafika likaondoka, likapanda mlima, likapotea. Trekta ya kubeba majani ikapanda kunielekea, nikaipisha bila kuitazama.

Mdogo wangu Kiprop alizaliwa hospitalini alasiri hiyo, miguu ikitangulia, mvua ikinyesha. Alilia, na Mama akapona.

Kwa miaka mingi nilisimulia habari hiyo kuwachekesha wageni: jinsi gari la Baba lilivyowaka na kuzima papo hapo Mama akiwa na uchungu. Mwaka jana nikawasimulia wanangu, na Mama akanikatiza.

"Haikuzima. Wewe ulikuwa huko juu, hukuona. Trekta ilikuwa imeingia daraja, na sisi tuko mbio. Baba yako akakanyaga breki. Tulisimama hivi." Akaweka kiganja chake karibu na pua yangu. "Tangu siku hiyo sikumuuliza tena juu ya stata."

Baba alikuwa ameshatutoka. Alinisikia nikisimulia habari hiyo Krismasi baada ya Krismasi, akacheka pamoja na wageni, na hakunisahihisha hata mara moja.

Fundi alikuwa bado anangoja.

"Anza na breki," nikamwambia. "Mengine tutasukuma."