Maziwa Yaliyorudi Yakiitwa Pesa za Nairobi

Nianze na upumbavu wangu: niliosha mitungi ya mama kwa sabuni ya unga. Kwetu Garissa mtungi wa maziwa hufukizwa kwa moshi wa kuni, lakini mimi niliona aibu kuingia Nairobi nikinuka moshi wa jikoni.

Nilikuwa nimemsumbua mama auze ngamia anipe nauli, niache shule, nikatajirike kama kaka yangu Abdi. Abdi hututumia pesa kutoka Nairobi, na mtaa mzima unamheshimu. "Nenda kwanza ukaone," mama akasema. "Mpelekee na maziwa." Kila wiki mama humtumia kwa basi. Nilidhani Abdi huyanywa.

Asubuhi, kwenye daraja la Tana, polisi alinusa mtungi.

"Hii nini, warya?" akaniita, kama wanavyoitwa vijana wote wa Kisomali.

"Manukato, afande."

Sikuchapwa. Mungu yupo.

Katika mji wa Mwingi, basi liliposimama tule, nilikutana na fundi wa mawe akingoja gari la kwenda kwetu. "Garissa ndiko kuna pesa," akaniambia. "Hapa hakuna kitu." Mimi nazifuata Nairobi, yeye anazifuata nilikotoka. Mmoja wetu alikuwa amepotea, na sikujua ni nani.

Jioni, Eastleigh, Nairobi. Nilimkuta tajiri wetu kando ya barabara, amekalia ndoo iliyopinduliwa, anauza maziwa kwa kikombe. Maziwa ya mama! Mteja wake mmoja, mwanamke wa Kisomali, akaonja niliyoleta, akatema.

"Abdi! Maziwa gani hii? Moshi iko wapi? Nakunywa sabuni mimi?"

Wateja wengine wakaondoka naye.

"Umeniua, walal, ndugu yangu," Abdi akasema. "Hiyo ndiyo kodi, chakula, na ile ninayotuma nyumbani."

"Kwani kazi yako ni ipi?"

"Si hii?"

Njiani kurudi kichwa kilinizunguka. Pesa zinatoka kwa ngamia wetu, zinapanda basi, zinarudi zikiitwa za Nairobi. Jirani yetu ana ngamia wengi kuliko sisi, ila hana mtoto huko, na mvua ikinyesha, maziwa yakizidi, anayamwaga kwa kukosa mnunuzi. Yeye ndiye anayeitwa maskini. Sasa nani anamlisha nani?

Garissa, mama alikuwa akimimina chai. Nikamwambia yote: Abdi si tajiri, anakurudishia mali yako mwenyewe. Mimi siendi tena, na yeye mwite arudi.

"Ninajua anachouza, mimi ndiye ninayempa," mama akasema. "Wewe kesho shule, hoyo, mwanangu. Lakini Abdi akirudi, maziwa nitamwuzia nani hapa, ngamia?"