Sheria ya Kutofuta

Kila jioni mwandishi mmoja huketi mgongo ukutani katika mkahawa uleule wa Paris, akisoma karatasi za wafuasi wake huku ukucha ukigonga meza. Sheria yake ni moja, ambayo yeye huiita uhuru: andika upesi kama mtu anayeota, usifute kitu. Leo ukucha ulisimama.

"Théodule, hapa umefuta," alisema kwa sauti laini kama ya padri.

"Ni jina la mama, mkuu. Tumemzika juzi. Sikutaka lisomwe mkahawani."

"Ndoto haina haya, bwana mdogo. Toka!"

Théodule aliwatazama wenzake. Wote wakainamia glasi zao. Théodule akaipokonya karatasi mikononi mwa mwandishi.

"Unahubiri uhuru, halafu tukitaka kulia faraghani tukuombe ruhusa!"