Themanini ya Mke, Arobaini ya Mume

Mtaani wote walimwita Fundi, hata mkewe. Kazi yake ilikuwa kuvalisha upya makochi yaliyochakaa. Mkewe alikuwa msusi, akipokea wateja sebuleni kwao. Baridi yabisi ilipomwingia vidoleni na kushuka hadi magotini, alisuka kwa ubishi mwaka mzima, mwisho akamwachia mdogo wake kitana.

Fundi naye akajipa kazi ya pili. Asubuhi alimfunga mkewe vifungo vya gauni, akamshikia kikombe mpaka vidole vyake vilivyokakamaa vilegee, akamchana nywele, vibaya. Jioni alifunga karakana mapema akakimbilia nyumbani. Drafti ya Jumamosi na wenzake aliiacha kimya kimya, bila kuambiwa na mtu.

Siku moja kliniki, nesi akawaambia kwamba safari hii, mbali na damu na dawa, wanataka kujua wagonjwa wanaishi vipi. Akauliza kuhusu kutembea, kuoga, kazi za nyumbani, maumivu, wasiwasi. Msusi hakuficha: maumivu yapo, hasa asubuhi, na vifungo vinamshinda. Kisha nesi akamwonyesha mchoro wa ngazi, chini sifuri, juu mia.

"Sifuri ni maisha mabaya kabisa unayoweza kuyafikiria, mia ni mazuri kabisa. Leo uko wapi, mama?"

"Themanini."

Fundi akakohoa.

"Tunawauliza na wanaowauguza," nesi akasema. "Mama, utusubiri nje kidogo. Baba, kwa unavyomwona, yuko wapi?"

Fundi aliitazama ngazi kwa muda. "Arobaini."

Nesi akaandika, wala hakukunja uso. "Si mtihani, baba. Mara nyingi majibu hayalingani."

Njiani walitembea polepole, wakapumzika kwenye benchi nje ya duka la dawa.

"Umenipa ngapi?" msusi akauliza.

"Hiyo ni siri yangu na nesi."

"Fundi."

"Arobaini."

Msusi akacheka mpaka akashika ukuta. "Umenikata nusu nzima. Ulihesabu nini?"

"Vifungo. Kikombe. Na ile siku kitana kilikudondoka, ukabaki unakitazama tu."

"Siku ile ilikuwa mbaya," msusi akasema. "Nililia, hukuniona."

"Nilikuona."



"Lakini tangu nianze dawa hizi nalala usiku," msusi akaendelea. "Mchana nakaa kitini, namwelekeza mdogo wangu, wateja wananimwagia habari zao. Zamani nilikuwa nimeinamia vichwa vya watu, umbea wote ukinipita. Haya, na wewe uko ngapi?"

"Mimi siumwi."

"Sijakuuliza unaumwa nini."

Fundi akakuna kidevu. Hakuna aliyewahi kumuuliza. "Hamsini," akasema. "Simu ikilia karakana, moyo unaniruka. Nagonga misumari huku sikio liko nyumbani."

Msusi akamwekea mkono wake uliovimba juu ya goti. "Basi umenipima kwa hofu yako. Jumamosi nenda kwenye drafti."

"Na wewe?"

"Siku hiyo wewe unakaa pale mlangoni kama askari, wateja wanashindwa hata kuongea. Kuna mambo hayasemwi mbele ya mwanamume."

Neno hilo lilimchoma kidogo, kisha akajikuta anatabasamu.

Wiki hiyo alichukua magauni ya mkewe karakana. Akang'oa vifungo, akatia zipu za mbele, kila moja na pete kubwa kama za mito ya makochi. Asubuhi iliyofuata msusi aliingiza kidole kwenye pete, akavuta mpaka shingoni. Akashusha, akapandisha tena, bila sababu yoyote.

Jumamosi Fundi alikwenda. Wenzake walimfunga vibaya, wakamwambia mkono wake umeota kutu, naye akafurahi kutukanwa. Alirudi jua likipungua. Kicheko cha wanawake alikisikia tangu barabarani, na alipochungulia sebuleni kikakatika ghafla.

"Shemeji, umewahi mno," mdogo wa mkewe akasema, kitana kikiwa mdomoni.

Msusi, kitini kwake, alikuwa akifuta machozi ya kucheka kwa kiganja. Fundi akazunguka nyuma, akaingia jikoni, akabandika chai ya watu wote. Huko mbele maneno yakaanza tena kwa sauti ya chini. Hakujisumbua kuyasikiliza.