Maji Yalikuja, Simu Ikanyamaza

Alhamisi hiyo maji yalikuja, nami niliyasikia kwa masikio yangu mawili. Nikainuka nikafunga mfereji kwa sababu kelele zake zilikuwa zinanisumbua. Nilijiambia hayo ni mabaki tu kwenye paipu. Kama ni maji kweli, simu ingelia. App niliiandika mwenyewe, ningekosaje kuiamini?

Hapa kwetu Kiamunyi tangi la kisima cha mtaa hufunguliwa, maji yaje kwenye mifereji ya nyumbani, Jumatatu na Alhamisi, saa isiyojulikana. Zamani mzee wa kisima alikuwa anapuliza filimbi, tunakimbia na mitungi. Mimi nikaona huo ni ushamba. Nikamwekea vitufe viwili kwenye simu yake, cha kufungua na cha kufunga. Akibonyeza, simu za majirani zinalia. Filimbi akaitundika ukutani.

Ningeacha hapo. Lakini mimi, ambaye hata kitanda sijawahi kukisogeza, ambaye kwenda Lanet, upande wa pili wa mji, ni safari ya kufikiriwa wiki nzima, kwa framework, yaani vifaa vya kujengea app, nahama kama mfugaji wakati wa kiangazi. Hii ilikuwa mara ya tatu. App ilitumia Rx, na kwenye kundi letu la waandishi wa app mtu akaniuliza, "Boss, bado uko Rx? Hata nyanya yangu alishahamia Flow." Usiku huo huo nikaanza kuhama.

Kazi ya zote mbili ni moja: skrini haiendi kuuliza habari, inakaa ikingoja kuletewa, kama mimi tu. Ila kila nilichokijua kule, huku kina jina lingine na tabia nyingine. Wiki tatu nilishinda na mistari myekundu. Nikiua kosa moja, mawili yanazaliwa. Shule niliachia Form Four; haya mengine nilijifunzia sebuleni, na sebule haina mwalimu wa kukuambia wacha.

Jumapili app ikakubali. Nikaijaribu mezani: fungua, funga, fungua, funga. Ikalia kila mara. Jumatatu mzee akabonyeza, mtaa mzima ukalia. Nikatembea kifua mbele, mpaka chooni na kurudi.

Sasa Alhamisi, saa nane mchana, jirani wa mlango wa pili akagonga. Ni mama ambaye Jumamosi alikuwa anapokea wakwe, watu wa kumposa binti yake, na mapipa yake matatu yalikuwa makavu. Alishinda shambani nyuma ya nyumba, simu mfukoni mwa aproni.

"Maji yamekuja?"

"Bado, mathe. Simu haijalia."

Akaniambia nivae viatu. Tukaenda kwa mzee.

"Nilifungua saa nne," mzee akasema. "Nikabonyeza, nikabonyeza, nikabonyeza. Mkaringa. Saa sita nikafunga."

"Na Jumatatu ulibonyeza cha kufunga?"

"Cha nini? Maji yakiisha si kila mtu anajionea?"

Hapo nikaelewa. Kile kipande cha Flow nilichochagua hulinganisha habari mpya na ya mwisho, zikifanana, kinanyamaza. Kwa kipande hicho, maji yalikuwa yamefunguliwa tangu Jumatatu, basi hakuna jipya la kusema. Rx yangu ya zamani ilipeleka kila alichobonyeza mzee, hata akikirudia mara kumi. Na mimi niliyeijaribu mezani sikuwahi kufungua mara mbili bila kufunga katikati. Ni nani angefanya hivyo? Ni mzee, kila wiki, tangu siku ya kwanza.

"Fungua hata nusu saa," nikamwomba.

"Tangi limebaki matope. Mpaka Jumatatu."

Jumatatu wakwe watakuwa wameshaenda na maneno yao. Nikaanza kumweleza yule mama habari za Flow, na katika kueleza, ulimi ukateleza nikautaja mfereji wangu. Akaniacha nimalize.

"Kwa hivyo maji yamepita kwa nyumba yako ukiwa umekaa hapo, ukayafungia, ukangoja simu ikwambie," akasema. "Mrudishie mzee filimbi yake, halafu ulete kwangu mitungi yako yote uliyojaza Jumatatu, hata ile ya kunywa."