Kisanduku cha Mengineyo

Siku ile ilianza kwa kupima dawa ya maji, kama siku nyingine zote. Saa moja na nusu asubuhi wanawake kumi na mmoja walikuwa wamejipanga nyuma ya ghala letu, kila mmoja na kichupa cha maji ya kisima alichokabidhiwa. Mimi nilikuwa natumbukiza kidonge na kuangalia rangi. Maji yakigeuka pinki, dawa inatosha. Yakibaki meupe, rudi ukaongeze. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, na mlima ulio juu ya mji ulikuwa na ukungu hadi kiunoni.

Nilikuwa msimamizi wa usafi wa maji katika shirika moja la misaada, mashariki ya Kongo, kwenye mji mdogo wenye soko moja. Mimi ni Mnyamwezi wa Tabora. Nilifika huko baada ya miaka mingi ya kazi za kambini Kigoma, nikiwa na cheti cha kidato cha nne na mengine niliyojisomea mwenyewe kwenye miongozo ya kazi. Kwa kuwa sikupita chuo, nilifuata fomu kuliko waliopita.

Kiongozi wa wale wanawake aliitwa Nabintu. Alikuwa na watoto wawili, na kila siku kabla ya kuja kazini aliuza maandazi sokoni. Siku hiyo alikuja na beseni lililojaa.

"Dada Kabula, soko haiko sawa leo," aliniambia.

"Haiko sawa vipi?"

"Wamama wa mlimani hawakushuka. Wamekuja wawili tu na makaa. Wameuza gunia zima kwa mtu mmoja, hata bei hawakubishana, halafu wakarudi kwa njia ya ziwani. Ile ya mlimani wameiacha."

"Na maandazi yako?"

"Nitakula mwenyewe, ninenepe kama wewe."

Wanawake walicheka. Na mimi nilicheka.

Taarifa ya asubuhi ilitakiwa ifike kituo kikuu kabla ya saa tatu. Fomu yake ilikuwa na visanduku vya chanzo cha habari: serikali, jeshi, viongozi wa jamii, mashirika mengine. Muuza maandazi hakuwa na kisanduku. Nilifikiria kumweka kwa viongozi wa jamii, lakini maelezo ya chini yalisema hao ni chifu, mchungaji, imamu na mwenyekiti wa mtaa. Basi nikaenda kwenye kisanduku cha mwisho, cha mengineyo, nikaandika: "Soko halijachangamka. Sababu haijulikani." Nikaweka alama ya uhakika mdogo.

Sababu ilikuwa inajulikana: wamama waliikwepa njia ya mlimani pale tu wapiganaji walipokuwa huko. Nabintu alikuwa amenieleza.

Kanuni zetu za usalama, ukurasa wa pili, zilisema kwamba msimamizi yeyote akiona dalili ya hatari anaweza kusimamisha kazi ya watu wake bila kuomba ruhusa. Nilikuwa naijua kanuni hiyo neno kwa neno. Hata hivyo nilichukua redio nikamwita mkuu wa kituo kikuu.

"Una uthibitisho?" aliuliza.

"Sina."

"Subiri. Tunaliuliza jeshi."

Nabintu alikuwa amesimama mlangoni. Aliniuliza waende au wabaki. Nikamwambia wengine waende visima vya chini, na yeye aende kisima cha juu, mlimani, kwa kuwa kilikuwa hakijawekewa dawa kwa siku mbili. Jibu likifika nitawaita. Aliniangalia kidogo.

"Wewe ndiye mkubwa," alisema, akajitwika ndoo ya dawa.

Nilikaa na redio kwa dakika arobaini. Kutoka ghalani hadi kisima cha juu ni mwendo wa dakika thelathini na tano.

Mlio wa kwanza nilidhani ni bati linaloanguka.

Wa pili haukuwa bati.

Wanawake wa visima vya chini walirudi mbio. Niliwahesabu getini. Kumi.

Nikahesabu tena.

Redio ikasema watumishi wote wasitoke. Milio ilikuwa inatoka upande wa mlima, ikishuka.

Tuliingia chini ya meza za ghala, mimi na wale kumi, tukakaa hapo hadi saa tisa alasiri. Mmoja alikuwa anasali bila sauti, midomo tu inacheza.

Siku ya tatu wapiganaji walisogea kaskazini. Mwamini, dada mkubwa wa Nabintu, alipanda mlimani na jirani zake. Walimkuta hatua chache chini ya kisima. Ndoo ilikuwa tupu, maana yake alikuwa ameshamaliza kazi na alikuwa anarudi.

Baada ya mazishi Mwamini alinijia, akaniuliza ni nani aliyemtuma mdogo wake kule juu siku kama ile.

"Kituo kikuu kilichelewa kutujibu," nilisema.

Ilikuwa kweli, na haikuwa jibu la alichouliza. Nimeishi nayo miaka tisa.

Sasa naishi Tangini, Kibaha. Nina vyumba vitatu na kuku wa mayai, na magoti yanayoniuma ikikaribia mvua. Mwaka jana alinitafuta binti mmoja anaitwa Ester, aliyefanya kazi za misaada Sudan Kusini. Alikuwa anaandaa mafunzo ya uongozi wa kifeministi kwa wafanyakazi wa misaada ya dharura, akataka nimsaidie sehemu ya usalama. Nilimwomba anieleze hilo neno "kifeministi" kwa lugha ya kawaida.

"Mama, ni maswali matatu tu," alisema. "Neno la nani linahesabiwa? Nani anaamua? Na uamuzi ukikosewa, nani anaumia?"

Niliyaandika. Kisha nikamsimulia habari ya Nabintu, jinsi nilivyozoea kuisimulia.

Baada ya wiki mbili aliniletea rasimu niisome. Kisa chetu kilikuwa ukurasa wa kumi na nne: msimamizi mwanamke alitoa taarifa ya hatari, mkuu wa kituo, mwanamume, akaipuuza, na mfanyakazi mwenzake akapoteza maisha. Nilikisoma mara nyingi. Nilisahihisha alama za uandishi kwa penseli. Habari yenyewe sikuigusa.

Majaribio ya mafunzo tuliyafanya Kisarawe, kwenye ukumbi wa hosteli moja. Washiriki walikuwa wanawake kumi na sita wa mashirika mbalimbali. Ester alikuwa amewaalika pia akina mama wa Msimbu, wakulima, waje waigize wananchi wanaosubiri mgao wa unga. Mkubwa wao alikuwa Bi Mwanaidi, Mzaramo, ambaye ameuza mihogo sokoni tangu ujana wake. Nilimwamkia.

"Marahaba. Kabila gani wewe?"

"Mnyamwezi, bibi."

"Basi mtani wangu. Na mzigo uko wapi? Sijawahi kuona Mnyamwezi anatembea mikono mitupu."

"Mzigo nimeutua, bibi. Nimesikia Wazaramo mko kwenye ngoma tangu juzi, hakuna wa kuupokea."

"Tupo kwenye ngoma, ndiyo. Ukifa nitakuja kuchezea kwenye msiba wako, na pilau nitakula."

Zoezi lilikuwa jepesi. Akina mama wapange foleni na ndoo zao, na washiriki waendeshe mgao. Katikati ingeletwa barua ya mwenyekiti wa kijiji yenye onyo, tuone wataamua nini. Ili foleni ionekane ndefu, Ester aliwaomba madereva watatu wasimame nyuma.

Kabla barua haijaletwa, Bi Mwanaidi alitoka kwenye mstari, akamfuata mshiriki aliyekuwa msimamizi, binti mwenye adabu anaitwa Happy.

"Mwanangu, mimi naondoka."

"Kwa nini, bibi? Bado hujapata unga."

"Wale watatu nyuma hawana ndoo wala mfuko. Mtu hawezi kuja kuchukua unga bila chombo. Hao wamefuata kingine."

Hilo halikuwa kwenye karatasi ya mtu yeyote. Happy aliangalia nyuma, akatabasamu, akafungua jalada lake.

"Asante sana bibi, nitaliandika."

"Andika. Ukimaliza kuandika utanikuta Msimbu."

Ukumbi ulicheka. Nilisogea nyuma ya Happy nikaangalia kalamu yake. Ilipita serikali, ikapita viongozi wa jamii, ikashuka mpaka kisanduku cha mwisho. Aliandika: "Mwananchi mmoja ana wasiwasi." Wala hakuwa mzembe. Alikuwa amesoma kuliko mimi, na nusu saa iliyopita alikuwa amezungumza vizuri kabisa juu ya sauti za wanawake.

Niliomba zoezi lisimame.

Sikupanga kusema. Niliwaambia wafungue ukurasa wa kumi na nne, kisha nikawaambia kwamba kisa kile kimekatwa nusu. Mkuu wa kituo alichelewa, ni kweli. Lakini neno la Nabintu lilipunguzwa kabla halijamfikia, na aliyelipunguza ni mwanamke, kwa mwandiko mzuri. Kanuni ilinipa ruhusa ya kuwazuia. Nilisubiri mwanamume aniruhusu kutumia ruhusa niliyokuwa nayo, na wakati nasubiri nikamtuma yeye mbali kuliko wenzake.

Nilizungumza kama dakika tano. Bi Mwanaidi alikuwa amerudi amekaa kwenye benchi la mwisho. Hakunitania tena siku ile.

Happy aliinua mkono. "Mama, ungewazuia, angekuwa hai?"

"Asubuhi ile, ndiyo. Baada ya pale sijui. Vita ilikaa pale miaka."

Wakati wa chai Ester alinivuta pembeni, kwenye kibaraza.

"Ungeniambia mapema, mama."

"Ningekuambia mapema ningekuambia nusu tena."

"Sasa nafanyaje? Watu watasema tumeandika mafunzo ya wanawake ili tuwalaumu wanawake. Na wewe nani atakuita tena kufundisha?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Kazi ile niliihitaji, na jina langu katika kazi hizi nilikuwa nimelijenga kwa kusimulia kisa kile. Nilimwambia maswali ni yake mwenyewe, matatu, na la pili linasema nani anaamua. Siku ile niliamua mimi. Akiniondoa kwenye jibu, aliondoe na swali.

Tukiwa njiani kurudi Kibaha, gari lilipofika Kiluvya, alisema ataandika upya ukurasa ule, kwa sharti moja. Kama tunamtaja Nabintu, lazima ndugu zake wakubali.

Namba ya Mwamini niliipata kwa mmoja wa wale wanawake kumi. Nilipiga Jumapili mchana, nimekaa jikoni, maneno niliyotaka kusema nikiwa nimeyaandika kwenye karatasi ili nisiruke kitu. Aliijua sauti yangu kabla sijajitaja.

"Kabula. Bado uko?"

"Nipo, dada."

Nikamsomea. Taarifa niliyoipunguza, kanuni ya ukurasa wa pili, dakika arobaini, kisima cha juu. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Nyuma yake nikasikia mtu wa kwao anatwanga kitu.

"Kwa hiyo ni wewe ulimtuma."

"Ni mimi."

"Sisi tulimchukia yule mkubwa wenu," alisema. "Mama amekufa anamchukia."

Hilo halikuwepo kwenye karatasi yangu.

"Jina lake andika," alisema Mwamini. "Lote, na la baba. Watoto wake wanajua kusoma sasa. Lakini mimi usinipigie tena."

Akakata.

Kesho yake Ester alikuja Tangini na kompyuta yake, tukaandika ukurasa ule pamoja, jina lote la Nabintu na langu. Ilituchukua asubuhi nzima. Alipokuwa anafunga aliniuliza kama dada mtu amenisamehe.

Nilimwambia hatukufika huko. Namba yake bado ninayo. Siipigi.