Wasia Wangu Kwenye Chumba cha Barafu

Chekeni, ila mkimaliza mniombee. Siku zile za korona nilipata kazi kwenye ghala la vyakula vilivyogandishwa, kitongoji cha Seven Hills, huku ughaibuni. Watu hawakuruhusiwa kukaribiana, kwa hiyo chumba cha barafu uliingia peke yako.

Siku yangu ya tatu mlango ukajifunga nyuma yangu. Nikausukuma kwa mikono, kwa bega, mpaka kwa makalio. Haukutikisika. Barakoa ikaniganda usoni. Nikamkumbuka msafiri mmoja wa kwenye sinema, aliyepotea peke yake kwenye theluji za kaskazini: usikae, usilale, ficha vidole kwapani. Basi nikawa nazunguka maboksi ya samaki huku natoa shahada.

Kwetu Tanga mtu hafi bila kuomba radhi. Nikatoa simu, nikaanza kurekodi sauti kwenye grupu la familia: "Mama, niwie radhi. Na wewe Mwanaisha, mke wangu, ile chupa ya marashi ya marehemu bibi yako niliivunja mimi, si paka. Nakupenda sana..."

Mlango ukafunguka. Mama Furaha, msimamizi wetu Mkongo, alikuwa ameuvuta pembeni kwa mkono mmoja. "Papa, huu mulango hausukumwe! Unavutwa!"

Kwa mshtuko kidole kikaachia kitufe cha kurekodi, na ujumbe ukaenda, sauti ya Mama Furaha ikiwa ndani.

Mwanaisha akajibu kutoka nyumbani kwetu Merrylands, grupu zima likisikia: "Baba Salma, ya paka nilijua zamani, na nilishakusamehe. Njoo unywe chai. Ila mlango wetu sisi unasukumwa, usije ukafia nje."