Filamu ya Karani Zubo Ilipofika Base Camp

Marcienne Umuhire alikuwa mwalimu wa darasa la nne huko Fizi, Kivu ya Kusini. Alipofika kambi ya wakimbizi ya Nakivale mwaka 2013 alikuwa na binti yake mdogo na mfuko mmoja wa nguo, na ndani ya zile nguo kulikuwa na kitabu cha Kifaransa kisicho na jalada. Hakukichagua. Wiki waliyokimbia alikuwa anakisoma, kikawa kitandani, akakizoa pamoja na vitenge. Mvua ya njiani iliziwahi kurasa za mwisho, zikamomonyoka mikononi mwake kabla hajazifikia.

Alipewa kiwanja Kashojwa, kimoja cha vijiji vya kambi. Akalima maharage, akapata cherehani, akashonea watu barazani kwake. Jumapili mchana, baada ya ibada, majirani walikuja kuchambua maharage pamoja naye, na siku moja, kwa kukosa la kuzungumza, akakitoa kile kitabu akaanza kuwasomea. Macho yalisoma Kifaransa, mdomo ukatoa Kiswahili.

Kilikuwa kitabu cha kuchekesha. Karani mmoja aitwaye Zubo, mwenye masikio matatu, ametumwa na serikali ya nyota ya mbali aje kuhesabu watu wote wa dunia. Fomu alizokuja nazo zimetengenezwa kwao, kwa hiyo anamwuliza kila mtu ana mikia mingapi, na sikio lake lipi ndilo lililozaliwa kwanza. Watu wanapanga mstari siku tatu. Wakifika dirishani Zubo anawaambia muhuri umebaki kwenye sayari nyingine, warudi wiki ijayo. Kashojwa walicheka hadi maharage yakamwagika. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Wote walikuwa wamewahi kupanga mstari wa alama za vidole na kuambiwa mtambo umelala.

Mara ya kwanza walipofika mwisho, ukurasa uliobaki ulimwacha Zubo dirishani, na mbele yake mtu wa mwisho wa mstari, mama muuza maharage, amekataa kuandikwa. Wakauliza kisha ikawaje. Wiki hiyo hiyo jirani yake Mukarukundo alikuwa ameambiwa kwamba jina la mume wake, waliyepotezana naye njiani, halikuonekana kwenye orodha ya kambi yoyote. Alikuwa ameketi pale na ungo mapajani, mikono haifanyi kitu. Marcienne akamtazama, kisha akatazama mgongo wa ule ukurasa, wino umefutwa na mvua, akaendelea kusoma. Zubo akatupa fomu zote mtoni. Akaipigia simu nyota yao kuwaambia hesabu imemshinda, akabaki duniani, akamwoa muuza maharage.

Walipiga makofi. Mukarukundo alicheka kidogo, akaendelea kuchambua.

Basi kitabu kikasomwa tena mwaka uliofuata, na mwingine, na kila mara mwisho ukaongezeka nyama. Zubo akajenga nyumba, bati likavuja, akazaa mtoto mwenye masikio mawili na nusu. Barnabé Kabanda, mwongoza kwaya, ndiye aliyependa sana habari ya lile bati. Ilifika mahali Marcienne mwenyewe, akisoma, alikuwa kama anayaona maneno yake kwenye karatasi.

Mwaka jana Sonia Irakiza, dada wa Kirundi anayefanya kazi na shirika dogo la vijana, alibandika tangazo kwenye soko la Base Camp, penye ofisi za kambi. Jumamosi saa nane mchana wangeonyesha filamu mpya. Kwenye picha alikuwepo mtu wa masikio matatu, na fomu mkononi. Marcienne alisimama mbele ya lile tangazo muda mrefu. Akarudi Kashojwa akawaambia majirani kwamba kitabu chao kimekuwa filamu. Alipokwisha kusema ndipo alipokumbuka zile kurasa za mwisho. Lakini watu walikuwa wameshaanza kupanga nani atabeba benchi.

Walikwenda watu kumi na saba. Ukumbi ulijaa vijana, madirisha yamefunikwa mablanketi. Filamu ilikuwa ya Kiingereza, na maandishi ya Kifaransa chini ya picha. Marcienne akakaa katikati ya watu wake, akitafsiri kwa sauti ndogo.

Jambo la kwanza lililowachanganya ni kwamba Zubo alikuwa mwanamke. Barnabé akauliza kama huyo ni dada yake. Marcienne akasema hapana, ndiye mwenyewe. Barnabé akangoja, pengine atabadilika. Kisha ikaja sehemu ya mstari na muhuri. Waliotengeneza filamu walikuwa wameweka muziki wa huzuni, na mvua ikiwanyeshea watu. Kashojwa wakaangua kicheko, na vijana wa mbele wakageuka kuwatazama. Baadaye chombo cha Zubo kikagonga mnara wa kanisa, ukumbi mzima ukacheka, na wale kumi na saba wakakaa kimya, kwa sababu hawakuona kwa nini kuvunjika kwa kanisa kuchekwe. Marcienne alijikuta anacheka huku na kunyamaza kule, hajui tena yuko upande gani.

Mwisho ulikuwa hivi. Zubo alimaliza kuhesabu, akarudi kwao na fomu zake, akakuta ile ofisi iliyomtuma ilishafungwa miaka mia moja iliyopita. Akaketi juu ya fomu. Majina ya waigizaji yakapanda, taa zikawashwa. Muuza maharage alikuwa ameonekana mara moja tu, akipita na kikapu.

Wale wa mbele walipiga makofi. Watu wa Kashojwa hawakuinuka.

Barnabé ndiye aliyesema kwanza. "Bamemuharibu. Yee alibakiaka. Sisi wote tunajua alibakiaka."

Wengine wakaunga mkono, kwamba Zubo alibaki duniani. Mmoja alidhani filamu imekatwa ili watu walipie sehemu ya pili. Mwingine alisema wazungu hawawezi kukubali mkubwa wao aoe muuza maharage, ndiyo maana wamemgeuza mwanamke. Sonia alikuwa anapita na karatasi za maoni ya watazamaji, wakamzunguka. Aliandika kwa uangalifu kila walichosema, kisha akamgeukia Marcienne, aliyetajwa na wote kuwa ndiye mwenye kitabu, akamwomba aeleze filamu imekosea wapi. Marcienne alifungua mdomo. Mukarukundo alikuwa pembeni yake, akimtazama kwa imani ya mtu anayemtegemea shahidi wake. Marcienne akasema kichwa kinamuuma, atakuja siku nyingine.

Alirudi Jumatano peke yake, akamweleza Sonia ukweli wote. Sonia hakucheka wala hakukasirika. Alimwambia mjini Mbarara kuna mwalimu wa Kifaransa, Mama Mariette, mwenye rafu nzima ya vitabu, na huenda anacho kizima. Ijumaa Marcienne akapata gari la Kaberebere, na kutoka hapo akaendelea hadi Mbarara.

Mama Mariette alikuwa nacho. Alimkaribisha chai, na wakati maji yanachemka akamsimulia kwamba yeye pia alikwenda kuiona ile filamu hapa mjini, na ukumbi ulikuwa umejaa wanafunzi wa chuo. Wengi walicheka tangu mwanzo hadi mwisho. Wachache waliosoma kitabu walitoka wamenuna, wakisema mwisho umebadilishwa.

Marcienne akaweka kikombe chini. "Umebadilishwa kutoka kwa upi?"

Mama Mariette akampa kitabu asome mwenyewe. Kurasa alizozikosa zilikuwa ishirini na nane. Zubo hatupi fomu wala harudi kwao. Anamwacha muuza maharage aende zake, na kwa kuwa imebaki fomu moja, anaanza kujiandika mwenyewe. Anafika penye swali la mahali anapotoka, anaandika, anafuta, anaandika. Kitabu kinaishia hapo, kalamu iko hewani. Marcienne alisoma mara mbili. Alitafuta kama kuna kitu kitamwambia acheke au asikitike, hakukiona. Alikuwa amedhani atakuta neno moja la kweli la kuwapelekea majirani, na sasa miisho ilikuwa mitatu, na ule aliouzoea ndio pekee usioandikwa popote.

Aliazimwa kitabu. Jumapili, maharage yakiwa kwenye ungo, akawaambia. Hakuzunguka. Alisema kurasa za mwisho hakuwa nazo tangu mwanzo, na kwamba ndoa, nyumba, bati na mtoto ni maneno yake yeye. Kisha akawasomea mwisho ulioandikwa.

Barnabé akaomba asome tena ile sehemu ya kalamu. Akasoma. Barnabé akatikisa kichwa, akasema aliyeandika naye hakujua kitu, mtu hawezi kuacha kalamu juu hivyo, na kama kitabu hakikujua mwisho basi Mwalimu alifanya vizuri kukisaidia. Wengine walibishana. Wawili walisema ule wa kalamu ndio wenye akili. Mmoja alitaka filamu iletwe tena aitazame upya.

Mukarukundo aliinuka na ungo wake. "Mimi nilikuwa nasema, kama ule mutu alibaki, na bwana wangu iko fasi fulani amebaki," alisema. "Nilisema iko mu kitabu. Mwalimu, ungeniambia."

Akaenda. Jumapili tatu hakuonekana, ingawa nyumba zao zimetenganishwa na mstari mmoja wa migomba. Marcienne alikwenda mara mbili kumwomba msamaha. Mara zote mbili alipokelewa vizuri, akapewa kiti, wakazungumza habari za mvua, na alipotaja kitabu Mukarukundo alitoka kwenda kuangalia chungu.

Mwezi wa pili tangu siku ile alikuja mwenyewe barazani, na gauni la kupunguzwa kiuno. Alisimama wakati Marcienne anapima. Pini zilipokwisha kuingia, akauliza, bila kumtazama, yule mtoto wa Zubo alianza shule au bado.

Marcienne alishika kitambaa akashindwa kujua anaulizwa nini. Kama ni dhihaka, haikuwa na sauti ya dhihaka. Kama ni msamaha, mbona ameuomba uongo ule ule? Alitaka kusema hakuna mtoto. Alitaka pia kusema alianza.

"Sijui," akasema mwishowe. "Kweli sijui, dada."

Mukarukundo akafikiri kidogo. Akasema basi Marcienne amwulize Barnabé, maana siku hizi Barnabé ndiye anayewasimulia wenziwe wa kwaya, na katika hadithi yake mtoto ana masikio manne. Kisha akauliza gauni litakuwa tayari lini, na Marcienne akamwambia Alhamisi.